London Wakati wa Majani Kupukutika

Kila mwaka, mwezi wa Septemba unapokaribia, vijana wengi wa Kenya huagana na wazazi wao katika kiwanja cha ndege cha Nairobi, wakaenda London kusoma katika vyuo vikuu au kufanya kazi ya uuguzi katika mahospitali. Hufika huko karibu na wakati ule ule ambao mkulima wa kwetu hutayarisha shamba lake kungojea mvua za vuli. Lakini kwa Waingereza huo si wakati wa mvua za kupandia mahindi na maharagwe. Ni majira ya miti kupukutisha majani, siku kufupika, na baridi kuingia kidogo kidogo, tangu Septemba mpaka mwisho wa Novemba.

Mgeni asiyeambiwa mambo haya mapema huweza kushikwa na huzuni kubwa. Hapa kwetu jua huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima. Huko London sivyo. Kwenye tarehe 22 au 23 Septemba mchana na usiku hulingana, na jua hutua yapata saa moja jioni. Kufikia mwisho wa Novemba, jua huchomoza baada ya saa moja na nusu asubuhi, nalo hutua karibu saa kumi alasiri. Kijana hutoka darasani akakuta giza limekwisha tanda. Huenda moja kwa moja chumbani kwake, akafunga mlango, akaketi peke yake. Wiki hufuata wiki, na mwisho wake amekaa katika mji ule mkubwa miezi mitatu asijue ila njia ya kwenda chuoni na njia ya kurudi.

Hayo si ya lazima. Majira hayo yana mambo mengi ya kuonwa, na mengi hayahitaji fedha.

Nguo na Usafiri

Jambo la kwanza ni nguo. Mwezi wa Septemba joto la mchana hufika karibu digrii 20, lakini Novemba hushuka likawa kiasi cha digrii 11 au 12, na usiku hupungua zaidi. Ni afadhali kuvaa nguo nyepesi mbili tatu, moja juu ya nyingine, kuliko kuvaa nguo moja nzito, kwa maana ndani ya majumba mna joto. Koti lisilopenya maji na viatu imara ni lazima. Asiye na fedha nyingi asione haya kwenda katika maduka ya mitumba yanayoendeshwa na vyama vya hisani. Wenyeji wenyewe hununua humo.

Kwa kusafiri, basi ni rahisi kuliko treni ya chini ya ardhi, ingawa treni hiyo, iliyoanza mwaka 1863, ni ya kwanza ya namna yake duniani. Nauli ya basi ni moja, uende karibu au mbali, na mtu akipanda basi jingine kabla ya saa moja kupita, kwa kadi ile ile, halipi tena. Mabasi hayo hayapokei fedha mkononi tangu mwaka 2014, basi yampasa mgeni awe na kadi. Aketipo orofa ya juu, mbele kabisa, atauona mji kwa bei ndogo.

Bustani na Miti

Mkulima atapenda kujua kwa nini miti ya huko hupukutika. Mwanga unapopungua, mti huacha kutengeneza ile rangi ya kijani ambayo kwayo majani hujipatia chakula kutokana na jua. Kijani kikitoweka, rangi ya manjano iliyokuwa imefichika huonekana. Na miti mingine hufanya rangi nyekundu. Kabla ya kuliachilia jani, mti hurudisha ndani ya matawi sehemu kubwa ya chakula kilichomo, kama mtu mwenye busara ahamishaye mali kabla ya kubomoa nyumba. Kisha shina la jani hujikata, jani likaanguka.

Mambo hayo yaonekana vizuri katika Hyde Park, iliyo katikati ya mji, na katika Richmond Park, iliyo upande wa magharibi. Zote mbili hazina kiingilio. Richmond Park ina eka zipatazo 2,500, na Mfalme Charles wa Kwanza aliizungushia ukuta mwaka 1637. Humo mna wanyama wa jamii ya kulungu zaidi ya 600, ambao madume yao huota pembe zenye matawi na kuziangusha kila mwaka. Wakati wa Septemba na Oktoba madume hunguruma na kupigana kwa ajili ya majike. Ni ajabu kuona mambo hayo ndani ya mji mkuu, lakini watazamaji huagizwa wasisogee karibu zaidi ya mita 50, na agizo hilo si la mchezo.

Bustani ya Kew, iliyoanzishwa mwaka 1759, hutoza kiingilio, ila mtu wa Afrika Mashariki hatajuta kuilipia. Ndani ya jumba lake la vioo, lililomalizika kujengwa mwaka 1848, mikahawa na mimea mingine ya nchi za joto humea huku nje baridi ikivuma. Tena ni wataalamu wa Kew, wakisaidiana na wenzao wa Afrika, waliofanya kazi ya kuandika habari za mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania. Sehemu ya kwanza ilitolewa mwaka 1952, na ya mwisho mwaka 2012. Aina zaidi ya 12,000 zimeelezwa.

Siku za Mvua

Mvua ikinyesha, na itanyesha, kuna majumba ya makumbusho. Lile kubwa la Uingereza, British Museum, lilifunguliwa mwaka 1759. Lile la viumbe na mawe, Natural History Museum, lilifunguliwa mwaka 1881. Hayo, pamoja na lile la sayansi na National Gallery lenye picha za wachoraji mashuhuri, hayatozi chochote kuingia, isipokuwa kwa maonyesho fulani ya pekee. Mtu asijaribu kuyaona yote kwa siku moja. Chumba kimoja kilichotazamwa sawasawa ni bora kuliko vyumba ishirini vya kupita mbio.

Mwezi wa Septemba huwa na siku ambazo majumba mengi, ambayo kwa kawaida hufungwa kwa umma, hufunguliwa bure ili watu wayatazame. Desturi hiyo ilianza mwaka 1992. Na Oktoba ni mwezi wa historia ya watu weusi, tangu mwaka 1987. Mihadhara na maonyesho hufanyika katika maktaba na kumbi, na mgeni hukutana humo na watu wa nyumbani. Atakayetamani ndizi za kupika na viazi vikuu na aende soko la Brixton.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zote hurudishwa nyuma kwa saa moja. Toka siku hiyo Nairobi huwa mbele ya London kwa saa tatu badala ya mbili. Wapigao simu nyumbani wakumbuke hilo, wasije wakawaamsha wazee usiku.

Mioto na Maandamano

Usiku wa tarehe 5 Novemba mgeni atasikia milipuko kila upande. Asiogope. Mwaka 1605 Guy Fawkes alikamatwa chini ya jumba la Bunge akilinda mapipa 36 ya baruti, yaliyokusudiwa kumwua Mfalme na wakuu wake. Tangu hapo watu huwasha mioto na kurusha fataki kukumbuka kuokoka huko. Jumamosi ya pili ya mwezi huo kuna maandamano ya Lord Mayor, mkuu wa ule mji wa kale wa biashara, ambaye si yule Meya wa London nzima. Asili yake ni hati ya Mfalme John ya mwaka 1215. Mkuu huyo hupita katika gari la dhahabu la kukokotwa na farasi, lililotengenezwa mwaka 1757, na kutazama ni bure.

Siku ya Kuwakumbuka Askari

Jumapili ya pili ya Novemba, mji hubadilika. Watu huvaa ua jekundu kifuani, na saa tano kamili hunyamaza kimya dakika mbili mbele ya nguzo iitwayo Cenotaph, iliyosimamishwa mwaka 1920. Mwafrika asidhani kwamba siku hiyo haimhusu. Askari wa King's African Rifles walipigana Burma mwaka 1944. Na katika vita vya 1914 hadi 1918 wapagazi wengi sana wa Afrika Mashariki walikufa kwa njaa na maradhi. Majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yametokana na kikosi chao.

Aprili mwaka 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Mgeni anaweza kwenda Constitution Hill kuyaona malango ya mwaka 2002, ukumbusho wa watu wa Bara Hindi, Afrika na Karibi. Au Brixton, kwenye mawe yaliyowekwa mwaka 2017 kwa ajili ya askari wa Afrika na Karibi. Wako watakaosimama pale wakikumbuka babu ambaye jina lake halijaandikwa popote ila katika masimulizi ya nyumbani.

Neno kwa Wazazi

Wazazi wenye watoto huko hupenda kuuliza katika simu habari za masomo na za afya, na ni vyema. Waulize na jambo la tatu: wiki hii umekwenda kuona nini? Kijana ajuaye kwamba ataulizwa hivyo atatoka chumbani kungali na mwanga. Wahenga walisema, tembea uone. Hawakusema subiri kwanza jua liwake.