Mtoto anapozimia: jini, degedege au damu?

Nilikuwa ndiyo kwanza nimerejea kutoka msikitini, baada ya swala ya Alasiri, niliposikia ukelele wa mke wangu ukitoka ukumbini. Nilipoingia nilimkuta amempakata binti yetu, mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne. Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau, macho yamepanda juu, mwili umelegea. Mama yangu mzazi alikuwa akimnyunyizia maji usoni huku akisoma Ayatul Kursiyyu. Jirani mmoja, aliyeingia kwa mlango wa uani, alikuwa akitafuta kijiko ili ampanue meno. Kabla kijiko hakijapatikana, mtoto alivuta pumzi kwa nguvu, akatutazama sote kama anayetushangaa, akalia kidogo, kisha akasinzia.

Haikutimia dakika moja. Lakini mzazi aliyewahi kumshika mwanawe akiwa katika hali ile anajua kwamba dakika ya namna hiyo haipimwi kwa saa.

Usiku ule nyumba haikulala, na kila mtu alikuwa na lake. Mama yangu alisema ni kijicho, kwani wiki iliyopita tulikuwa na mgeni aliyemsifu mtoto kwa unene wake bila kusema "Mashaallah". Asubuhi alimfunga mkononi kitambaa cheusi chenye mvuje. Jirani alisema ni degedege, akatuonya tusithubutu kumpeleka mahali pa kuchomwa sindano, kwa kuwa mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Mke wangu alihofu kifafa, lakini neno lenyewe hakulitamka hadi siku ya tatu. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilisema mtoto anadeka.

Tukio la pili lilikuja baada ya siku tano, na la tatu kesho yake. Tulimpeleka katika zahanati moja hapa Tanga, tukaulizwa kama ana homa. Tukasema labda. Tukapewa dawa ya malaria bila kipimo, tukarudi nyumbani. Siku mbili baadaye alizimia tena.

Aliyetutoa gizani ni muuguzi wa kliniki ya watoto, mama wa makamo, siku tulipokwenda kumpima mtoto uzito. Mke wangu alipomweleza, muuguzi aliweka kalamu chini, akauliza maswali ambayo mpaka leo nayakumbuka kwa mpangilio wake. Alikuwa akifanya nini kabla ya kuzimia? Alilia kwanza, au alizimia kwanza? Rangi ilibadilika ikawa ya buluu, au alipauka? Mwili ulilegea, ulikakamaa, au ulitikisika? Upande mmoja au pande zote mbili? Ilichukua muda gani? Alipozinduka alitutambua?

Tulitazamana. Tukio lilikuwa limetufika mara nne, na katika nyumba ile kulikuwa na watu wazima wanne, lakini hakuna aliyeweza kujibu swali hata moja kwa yakini. Mke wangu alisema dakika tano. Mimi nilisema nusu dakika. Kila mmoja wetu alikuwa amekimbia, amepiga kelele, amemwaga maji, amesoma, hakuna aliyetazama.

"Baba," aliniambia, "daktari hatamwona mtoto akiwa katika hali hiyo. Nyinyi ndio macho yake. Mara nyingine, mmoja amlaze mtoto ubavu, mwingine ashike simu arekodi."

Nakiri kwamba ushauri ule ulinikera. Kumrekodi mtoto anayeonekana kama anakata roho! Hata hivyo mdogo wake mke wangu, binti wa sekondari, aliuzingatia. Picha aliyoichukua ina urefu wa sekunde 48. Mtoto anachezea kifuniko cha sufuria. Dada yake anamnyang'anya. Mtoto analia mara tatu, kilio cha tatu kinakatika, mdomo unabaki wazi na pumzi haiingii. Midomo inageuka buluu, kisha mwili unalegea, mikono inashtuka mara mbili. Halafu anavuta pumzi. Nilipoitazama picha ile ndipo nilipotambua kwamba katika matukio yote manne kilio kilitangulia. Tulikuwa tumekisikia kila mara, ila hatukukihesabu kuwa ni sehemu ya habari.

Daktari wa watoto aliitazama mara mbili, akasema, "Hiki mlichoniletea ni nusu ya kazi yangu." Akatueleza kwamba mtoto alikuwa na hali ya kuzimia kwa kilio. Mtoto mdogo anapokasirika, anapoumia au anapoogopa, hulia mpaka akatoa pumzi yote, na pumzi ya kuingia ikachelewa. Hafanyi hivyo kwa makusudi, wala si kudeka. Ni mwili wake unaojiendesha wenyewe. Hali hii aghalabu huanza baina ya miezi 6 na 18, na wengi huachana nayo kabla ya kutimiza miaka 6. Haiharibu ubongo, wala haigeuki kuwa kifafa. Ipo na namna yake ya pili, ambapo mtoto hugonga kichwa au hushtuka, hupauka ghafla na kuzimia pengine bila kilio kirefu, kwa sababu mapigo ya moyo hupungua kasi. Kwa ajili hiyo aliagiza pia kipimo cha umeme wa moyo, ili awe na hakika.

Nilimuuliza kwa nini picha ilikuwa na thamani kubwa kiasi kile kwake. Akanisimulia habari ya baba mwingine.

Mwezi wa Februari 1841, jarida la kitabibu la The Lancet, linalotolewa London, lilichapisha barua ya tabibu wa mji wa Tonbridge, Uingereza, aitwaye William James West. Hakuwa akiandika juu ya mgonjwa wake, bali juu ya mwanawe, aliyekuwa karibu kutimiza mwaka mmoja. Alieleza kwamba tangu mtoto akiwa na takriban miezi minne alianza kuinamisha kichwa mbele, kidogo tu, hata yeye baba akadhani ni mchezo wa mtoto. Kisha kule kuinama kukazidi nguvu na kuja mfululizo, makumi kwa mara moja, mara kadhaa kwa siku. Alijaribu tiba za zama zile, ruba na afyuni zikiwamo, asifanikiwe. Akampeleka London kwa Sir Charles Clarke, aliyekwisha kuwaona watoto wachache wa namna ile. Clarke aliyaita matukio hayo kwa neno letu: salaam, kwa kuwa mtoto huinama kama mtu anayetoa salamu ya heshima kwa desturi za Mashariki.

West hakupata tiba ya mwanawe, na mtoto yule alikua na ulemavu mzito wa akili. Lakini maelezo ya baba yalikuwa makini kiasi kwamba ugonjwa ule leo unaitwa kwa jina lake, na madaktari wanautambua kwa alama zilezile alizoziandika. Leo zipo dawa zake, nazo hufaa zaidi zikianzwa mapema. Nimeirefusha habari hii kwa sababu kuinama huko si kitu cha kutisha kwa macho. Hakuna kuzimia, hakuna buluu, hakuna povu. Mtoto wa miezi minne hadi mwaka mmoja, anapoamka usingizini, anainamisha kichwa na kurusha mikono kwa sekunde moja au mbili, anatulia, anarudia, tena na tena. Mama anadhani ni kushtuka au ni tumbo. Huku nyuma mtoto anaacha kutabasamu, anaacha kugeuka na kuketi. Basi mtoto wangu aliyetutia hofu kubwa alikuwa na jambo jepesi, ilhali mtoto mwingine asiyemtisha mtu anaweza kuwa na jambo zito. Anayemwona mwanawe akiinama hivyo asingoje hata wiki ipite.

Turudi kwa binti yetu. Daktari alimfunua kope, akamtazama viganja, akaagiza damu. Malaria haikuonekana, wala selimundu. Lakini wingi wa damu ulikuwa gramu 8 kwa desilita, ilhali kwa umri wake ilipasa ukaribie 11. Mtoto wetu aliyesifiwa unene hakuwa na damu ya kutosha. Wala si yeye peke yake: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu huo. Watoto wenye upungufu wa madini ya chuma huzimia kwa kilio zaidi ya wengine, na utafiti wa madaktari wa Jordan uliochapishwa mwaka 1997 ulibaini kwamba walio wengi kati ya waliopewa dawa ya madini hayo walipata nafuu kubwa au walipona kabisa. Binti yetu aliandikiwa dawa ya maji ya madini ya chuma kwa miezi mitatu. Tulionywa tuiweke mbali na watoto, kwani ikinywewa kupita kiasi ni sumu, na kwamba mzazi asiinunue dukani kwa kukisia kabla ya damu kupimwa.

Kuhusu degedege la homa, daktari hakumcheka jirani yetu. Alisema degedege ni jambo la kweli, na mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 anaweza kulipata homa inapopanda. Lakini katika nchi yenye malaria, nyuma yake huweza kuwapo malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na hayo huua kwa saa, si kwa siku. Katika miaka ya 1990 watafiti waliokwenda Bagamoyo waliwakuta wazazi wakianza na moshi wa mavi ya tembo au kumpaka mtoto mkojo kabla ya kufikiria hospitali. Habari ya sindano kuua inatoka hapo hapo: mtoto hucheleweshwa nyumbani, hufikishwa akiwa hoi, huchomwa sindano, hufariki, na lawama huiangukia sindano. Mtoto anayetikisika alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, asimwagiwe maji, asinyweshwe kitu. Zikipita dakika 5 bila kutulia, au akiwa na homa, au asipozinduka vizuri, safari ya hospitali ianze hapo hapo, hata usiku wa manane.

Nilibaki na swali moja, nikalipeleka kwa ustadh wa madrasa ya mtaani kwetu: je, kwa kwenda hospitali tumeacha kumkinga mtoto kwa Qur'ani? Ustadh aliniuliza kwanza kama dawa tumeianza. Kisha akanikumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwasomea kinga wajukuu zake Hassan na Hussein, kama Nabii Ibrahim (a.s.) alivyowasomea Ismail na Is-haka, na kwamba jambo hilo halihitaji mganga, malipo wala hirizi, baba huweka mkono juu ya mwanawe, akasoma. Na Mtume huyohuyo, alipoulizwa na mabedui juu ya kujitibu, aliwaamrisha wajitibu. Akanitajia pia kwamba Ibn al-Qayyim, katika Zad al-Ma'ad, ameugawa ugonjwa wa kuanguka mara mbili: ule utokanao na viumbe waovu, na ule utokanao na mwili wenyewe, ambao matabibu huushughulikia. Mtu asiyekwenda kwa tabibu atajuaje ni upi?

Nikamtajia hadithi mashuhuri ya Ibn Abbas, iliyomo katika Bukhari na Muslim, juu ya yule mwanamke mweusi aliyekuwa akianguka. Alimwomba Mtume (s.a.w.) amwombee, akapewa hiari ya kusubiri na kupata Pepo, au kuombewa apone. Akachagua subira, akaomba tu asifunuke mwili anapoanguka. Wapo wanaoitumia hadithi hii kuwaambia wazazi wasubiri. Ustadh alitikisa kichwa. Mama yule, alisema, alikuwa mtu mzima, akaichagulia nafsi yake. Mtoto hajachagua kitu. Yeye ni amana, na mwenye amana hasubiri kwa niaba ya mwenziwe. Binafsi sijasikia maneno yaliyonigusa kama hayo.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko sindano. Daktari alikuwa ametuuliza mtoto anakula nini. Kila alfajiri, baada ya swala, mama yangu humpakata mjukuu wake barazani, akamnywesha chai ya rangi yenye iliki pamoja na andazi. Na jioni tena. Daktari alisema chai huyazuia madini ya chuma ya kwenye chakula yasiingie mwilini. Nilikaa siku mbili nikitafuta namna ya kumwambia mama yangu.

Aliponisikiliza alinyamaza kitambo. "Nyinyi nyote niliwakuza kwa chai hiyo, mwanangu."

"Ndiyo, mama. Na tulikua."

"Watatu hawakukua," alisema.

Sikuwa na neno. Hakulitaja tena. Kesho yake alfajiri nilimkuta amempakata mtoto vilevile, kikombe ni kilekile, ndani yake maji ya ukwaju. Siku hizi yeye ndiye anayekwenda sokoni kutafuta maini na dagaa, na dawa ameiweka juu ya kabati lake, hamwamini mtu mwingine kuitoa. Kitambaa cha mvuje bado kipo mkononi mwa mtoto. Daktari hakukisema, nami sikukigusa.

Dawa imetimiza miezi mitatu, na damu imefika 10.9. Katika kipindi hicho mtoto amezimia mara mbili tu. Mara ya mwisho alijikwaa kwenye ngazi ya baraza, akalia, kilio kikakatika. Jirani aliinuka mbio. Bibi yake alimwashiria akae, akamlaza mtoto ubavu juu ya mkeka, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alifika kumi na moja, mtoto akavuta pumzi.