Pumu: Tuisome Karatasi ya Damu

Si jambo geni katika visiwa vyetu kumwona mzee au mtoto akifikishwa hospitali alfajiri, kifua kikimpiga filimbi. Hupewa mvuke wa dawa, pengine na vidonge vya prednisoloni, na jua likishapanda hurejea kwake ana nafuu, pampu ya buluu mfukoni. Baada ya wiki chache huyo amerudi. Tumeyazoea mambo haya hata tukadhani ndivyo pumu ilivyo.

Sivyo. Pampu ya buluu, yaani salbutamoli, hulegeza misuli iliyobana njia za pumzi. Haigusi uvimbe uliomo ndani yake. Ndiyo sababu tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haupendekezi tena kwamba watu wazima na vijana watibiwe kwa dawa hiyo peke yake. Unataka kila mmoja wao apate pia dawa ya kuvuta ya jamii ya steroidi, yenye kutuliza uvimbe.

Je, uvimbe usioonekana utajulikanaje? Jawabu moja limo damuni. Miongoni mwa chembe nyeupe za damu zimo zinazoitwa eosinofili, alizozieleza Mjerumani Paul Ehrlich mwaka 1879 alipoona zinavyoshika rangi nyekundu ya eosini. Kwa wagonjwa wengi wa pumu chembe hizi huongezeka na kuvamia njia za pumzi. Mwaka 1958 Daktari Harry Morrow Brown wa Derby, Uingereza, alitazama makohozi kwa darubini akabaini kuwa wenye chembe hizo ndio waliopata nafuu kwa prednisoloni. Mwaka 2002 madaktari wa Leicester waliwafuatilia wagonjwa 74: kundi lililotibiwa kwa kufuata hesabu ya chembe hizo katika makohozi lilipata mashambulio makali 35, na kundi lililotibiwa kwa desturi likapata 109.

Kupima makohozi kuna taabu yake. Kupima damu ni wepesi zaidi, na mashine nyingi zitoazo picha kamili ya damu huichapa hesabu hiyo hiyo kwenye karatasi. Kwa bahati mbaya macho yetu huishia kwenye mstari wa wekundu wa damu, na mstari wa eosinofili ukapitwa. Mgonjwa ambaye hesabu yake imepanda yumo katika hatari zaidi ya kushikwa tena. Yafaa aulizwe kwanza kama dawa ya kinga anaipata, na kama anajua kuivuta. Yule ambaye hesabu yake iko chini, naye anatumia dawa sawasawa na bado anahema, achunguzwe upya: huenda ni moshi wa kuni, huenda ni moyo.

Hapa lakini pana mtego ambao vitabu vya Ulaya hauvishughulishi sana. Minyoo na kichocho nazo hupandisha eosinofili. Mradi wa kutokomeza kichocho Unguja na Pemba, wa mwaka 2012 hadi 2017, ulifanya kazi ya kusifiwa, ila haukuumaliza ugonjwa. Kwa hiyo hesabu ya juu kwa mtoto wa Pemba haitoshi kumwita mgonjwa wa pumu. Apimwe choo na mkojo pia. Tena upo mnyoo mmoja, strongiloidi, ambao mtu aliye nao akipewa vidonge vya prednisoloni unaweza kuenea mwilini na kumuua. Nani basi atasema kipimo cha choo ni jambo dogo?

Wakubwa wa afya tunawaomba mawili. Maabara zetu ziandike hesabu yenyewe ya eosinofili, si asilimia tu, na pampu za steroidi zisikosekane katika vituo vya wilaya, kwani dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mgonjwa akielezwa kuwa uvimbe wake umepanda, kisha akarudishwa na pampu ya buluu ile ile, tutakuwa tumemchoma sindano bure.

Nanyi wenye pumu, damu itolewe kabla ya kumeza prednisoloni, kwani dawa hiyo huzishusha eosinofili kwa muda wa saa chache tu, na karatasi ikaonyesha salama isiyokuwepo.