Nyota ya Vumbi

Milinganyo ya uvutano aliyoitangaza Albert Einstein Novemba 1915 ni kumi, nayo imefungamana: ukigusa mmoja, tisa iliyobaki inatikisika. Maada hupinda anga na wakati, na mpindo huohuo ndio unaoiongoza maada. Kuitatua yote kwa kalamu kama ilivyo haiwezekani, kwa hiyo wanafizikia hurahisisha mambo mawili: umbo la kitu na tabia ya maada yake.

Chungwa lililomenywa vizuri, ligeuze utakavyo, sura ni ileile. Huo ndio ulinganifu. Huna haja ya kuuliza uko upande gani. Uliza tu uko umbali gani kutoka katikati. Kwa njia hiyo Karl Schwarzschild, mwanaastronomia wa Ujerumani aliyekuwa vitani, alipata jibu kamili la milinganyo hiyo kwa tufe kabla ya mwaka ule kwisha. Yai lina mhimili mmoja tu wa kulizungushia, na hapo hesabu hukaza: jibu la shimo jeusi (kitu kisichoachia hata mwanga utoke) linalojizungusha lilisubiri hadi 1963, alipolipata Roy Kerr wa New Zealand.

Kwenye maada ndiko kwenye ubishi. Mwaka 1939, Robert Oppenheimer na Hartland Snyder walikokotoa jinsi nyota inavyoporomoka kwa uzito wake. Walichukua tufe kamili la "vumbi", yaani punje zisizosukumana hata kidogo. Ziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole, kisha kandamiza: ule ukaidi wa hewa ndio kanieneo, nao wakaufuta kabisa. Nyota yao ikazama, isionekane tena.

Wenye shaka walikuwa na hoja. Punje zote zikielekezwa kwenye nukta moja, zitaacha vipi kukutana hapo? Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Evgeny Lifshitz na Isaak Khalatnikov wa Umoja wa Kisovieti walishikilia kwamba nyota halisi, yenye mabonde na vilima vyake, ingeepuka balaa hilo.

Mwaka 1965, Roger Penrose aliuweka ulinganifu kando. Kuhusu maada alidai jambo moja dogo, kwamba nishati yake isiwe hasi. Akathibitisha kuwa uvutano ukizidi hadi mwanga unaoelekezwa nje nao ukarudi ndani, basi mahali fulani njia ya mwanga huo hukatika, nyota iwe tufe au isiwe. Lifshitz na Khalatnikov baadaye walibadili kauli. Penrose alipewa nusu ya Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2020, akiwa na miaka 89.