Wakili haingii barazani, ndiyo maana umwone mapema

"Barua hii haitufai, mama."

Wakili anairudisha karatasi upande wa pili wa meza. Muhuri wa kata upo, sahihi ya mwenyekiti ipo, na katikati kuna mistari mitatu: wahusika walifika, wana mgogoro, tunawaleta kwenu kwa hatua zaidi. Hayamo maneno ambayo mahakama huyatafuta kabla ya kitu kingine chochote, kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha.

Aliyeileta tumwite Mama Neema. Ni mtu wa mfano, lakini wakili yeyote wa Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya anamfahamu. Ana miaka 14 ya ndoa, genge la mboga, watoto watatu na nyumba ambayo bado haijapigwa lipu. Ndugu walimshauri kama wanavyoshauriwa wengi: anza na kikao cha familia, kisha nenda kata, mambo yakiwa mazito ndipo utafute wakili. Ushauri una busara, ila una tundu.

Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, inayotumika Tanzania Bara, kinamfungia mlango wa mahakama anayeomba talaka mpaka apite Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa. Wapo wachache wanaosamehewa, mathalani ambaye mwenza wake ametoroka na hajulikani alipo, au ameitwa barazani akakataa kwa makusudi. Wengine hupita hapo, liwe baraza la kata, la kanisa au la Waislamu chini ya BAKWATA. Cheti chenyewe ni Fomu Namba 3, na kinatakiwa kiwe kimetolewa ndani ya miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa. Hata wajumbe wana hesabu yao: mwenyekiti na wengine wasiopungua wawili wala kuzidi watano.

Haya huonekana madogo mpaka yaangushe kesi. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa shauri la talaka kwa sababu ya dosari ya cheti. Fikiria miaka ya kupanda ngazi za mahakama, nauli, mashahidi na aibu ya kuyaanika ya chumbani, kisha mnaambiwa mrudi mkaanze upya.

Hapo ndipo penye kitendawili. Kifungu cha 104 cha sheria hiyohiyo hakimruhusu wakili kumsimamia mtu mbele ya baraza. Mama Neema huingia mwenyewe, au na mtu wa familia yake. Kwa hiyo wakili anayezuiwa kuingia barazani ndiye wa kumwona kabla ya wewe kuingia barazani. Ukimwona baadaye, anapokea karatasi iliyokwisha kuandikwa na wengine.

Kwa Waislamu, mpangilio nao una uzito. Talaka ya mdomo, hata ziwe tatu, haiivunji ndoa mbele ya sheria ya Bara mpaka mahakama itamke. Sheria inataka baraza litoe cheti kwanza, kisha talaka ya dini ifuate, ndipo mahakama iitambue. Wengi huanza na talaka, halafu wakahangaikia cheti.

Mama Neema alipokaa kitini alitaka kueleza mumewe alivyombadilikia. Wakili alimsikiliza, kisha akauliza, "Una karatasi gani, mama?"

Akamimina mfuko mezani. Kulikuwa na risiti ya mabati iliyofifia wino, daftari la kikoba, na hati ya mauziano ya kiwanja iliyoshuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa, yenye jina la mumewe peke yake. Aliona haya kuitoa hiyo ya mwisho, akidhani ndiyo inayommaliza. Sivyo. Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja katika mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, bila kuishia kwenye jina lililoandikwa. Na kifungu cha 59 kinamkataza mwenye jina kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingalipo. Wakili aliyepata habari mapema huwahi kuweka zuio kabla mnunuzi hajatokea.

Kesi inayotajwa kila mara ni ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya 1983. Humo Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali. Wanaoisimulia aghalabu huishia hapo. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa ilionekana mumewe alimpa fedha za mradi wa familia naye akazitapanya. Kanuni ilishinda, mwenye kesi akatoka mikono mitupu. Hesabu ndiyo iliyoamua. Wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari.

Kuhusu watoto, kinachotangulia ni ustawi wao. Aliye chini ya miaka saba sheria hudhani anafaa kukaa na mama, lakini dhana hiyo huweza kupinduliwa kwa ushahidi.

Mfiche jirani, mfiche hata shemeji, lakini wakili mweleze yote, pamoja na mkopo uliochukua kwa siri na yule mtu ambaye hutaki atajwe. Mficha uchi hazai. Sheria ya Ushahidi inailinda siri kati ya wakili na mteja wake, na wakili aliyekusikiliza hawezi kumshauri mwenzako katika shauri hilohilo. Baba Neema naye atafute wake.

Ada iulizwe siku ya kwanza, na makubaliano yaandikwe. Vishoka wanaojipanga nje ya mahakama huumbuka haraka: jina la wakili halisi hupatikana kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili. Asiye na uwezo ana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, inayowatambua pia wasaidizi wa kisheria walioko mitaani na vijijini.

Mama Neema alirudi kata akiwa na kipande cha karatasi chenye mambo manne ya kukagua: fomu, idadi ya wajumbe, tarehe, na yale maneno. Katibu alipomkabidhi cheti hakukikunja. Alisimama palepale dirishani, foleni ikiguna nyuma yake, akakisoma mstari kwa mstari mpaka alipofika kwenye "limeshindwa". Ndipo akakitia mkobani.