Ndege Saa Moja na Nusu, Gauni Siku Mbili

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, somo hili limenigharimu sh. 85,000. Nyie nawapa bure.

Mwaka jana dada mmoja wa Mwanza aliagiza gauni kwangu Dar. Alilitaka la kuvaa kwenye send-off ya mdogo wake, Ijumaa jioni. Akaniuliza, "Mdogo wangu, litafika kweli?" Nikamjibu kwa kujiamini: "Dada usijali, ndege ni saa moja na nusu tu."

Kuhusu ndege sikumdanganya. Kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Mwanza ni kama kilomita 850 kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara, kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, ni zaidi ya 1,100. Ndege inatumia karibu saa moja na nusu, ile ya mapanga inazidisha kidogo.

Kosa langu ni kwamba nilihesabu safari ya ndege, sikuhesabu safari ya gauni. Ijumaa asubuhi nikafunga mzigo, nikasubiri bodaboda, tukakuta foleni Barabara ya Nyerere. Kufika dirishani naambiwa mizigo ya ndege hiyo imeshafungwa, wangu unaondoka kesho. Kumbe vifurushi vyetu vinapanda tumboni mwa ndege ya abiria. Mabegi ya abiria kwanza, sisi tunapata nafasi inayobaki.

Gauni lilifika Jumamosi, shughuli imeshaisha. Nikarudisha hela. Hakunitukana, aliandika tu: "Ungeniambia ukweli ningeazima." Mpaka leo hajaagiza tena.

Sasa hivi nafanya hivi:

1. Nahesabu mlango kwa mlango. Kufunga na kufika uwanjani masaa 2, kukabidhi mapema masaa 3, ndege saa 1 na nusu, kushusha na kutoa mzigo masaa 2, kutoka uwanjani Ilemela hadi kwa mteja mjini saa 1. Jumla masaa 9 na nusu, na hapo hakuna kilichoharibika.

2. Mzigo wa harusi, send-off au msiba unaondoka siku mbili kabla. Sibishani na hilo.

3. Saa naandika kwa Kiswahili. Karatasi ikisema 13:00, mteja namwambia "saa 7 mchana". Ukimwandikia "8:00" tu, atakwenda saa 8 mchana wakati mzigo umefika saa 2 asubuhi.

4. Siku ya kufika naitaja baada ya kuhakikishiwa mzigo umepanda. Kabla ya hapo namtumia picha ya risiti tu, bila ahadi.

Na nikiona haiwezekani, nasema: "Dada, haitafika, tafuta nyingine hapo hapo." Nakosa mauzo ya siku moja, mteja nabaki naye.

Wewe mizigo yako inaenda mkoa gani? Piga hesabu ya mlango kwa mlango leo, kabla mteja hajakuuliza.