Mita 150 za Ziwa Tanganyika

Husemwa kwamba Ziwa Tanganyika limevamia Bujumbura. Sivyo. Uwanda wa chini wa mji huo ni mchanga na matope yaliyoachwa na ziwa lenyewe na Mto Rusizi. Maji hutokea mahali pamoja tu, Mto Lukuga, huko Kalemie. Mvua zikizidi, ziwa hupanda, kama ilivyotokea mwaka 1964, tena 2021 na 2024, na mawimbi hula ufuko. Ndiyo sababu Sheria ya Maji ya 2012 iliweka ukanda wa mita 150 kando ya ziwa kuwa mali ya umma. Askari akitumwa kuulinda, asiulize ukuta uliomo ni wa nani, mvuvi au mkubwa, apime hatua. Mawimbi nayo hayaulizi.