Mboga Hii Umeiunga na Nini?

Mtu mwenye mzio wa karanga akiketi kwa mama lishe mjini Singida, kwa kawaida huuliza: "Kuna karanga hapa?" Hujibiwa kwamba hakuna, kisha huletewa ugali na mlenda ulioungwa kwa karanga za kusaga. Mpishi hakukusudia kumdanganya. Kwake karanga ni zile za kutafuna zinazouzwa stendi. Zile za chunguni ni kiungo tu, kama chumvi. Kwa hiyo nawashauri wagonjwa waulize hivi: "Mama, mboga hii umeiunga na nini?" Hapo atataja alichotia. Lifuate swali la pili: je, upawa uliopakulia mlenda ndio unaopakulia maharage?

Katika mzio, kinga ya mwili huiona protini ya chakula kuwa adui. Chembe kidogo yaweza kutosha, wala moto hauondoi hatari. Karanga zikikaangwa kavu, protini zake huzidi kuchochea mzio. Vivyo hivyo, chipsi zilizokaangwa katika mafuta yaliyokaangia samaki si salama kwa mwenye mzio wa samaki. Mzazi naye aulizie uji wa lishe, maana unga wake mara nyingi huchanganywa na karanga au soya.

Abiria wana hatari ya peke yao. Dalili nyingi huanza kati ya dakika chache na saa mbili baada ya kula. Basi la Mwanza lililosimama Singida kwa chakula laweza kuwa limekwisha kufika mteremko wa Sekenke. Kwa maoni yangu, mwenye mzio mkali afadhali asafiri na viazi vyake vya kuchemsha, hata akionekana bahili. Akivimba midomo au ulimi, akipumua kwa shida, akitapika mfululizo au akiona kizunguzungu baada ya kula, kondakta aambiwe mara moja, na basi lielekee kituo cha afya kilicho karibu zaidi. Alazwe chali, miguu iinuliwe. Anayehema kwa shida aachwe aketi. Asisimamishwe wala kutembezwa.

Kwa wenzangu wa zahanati: dawa ya kwanza ni adrenalini, ichomwe katika msuli wa paja, upande wa nje, miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isizidi miligramu 0.5 kwa mtu mzima na 0.3 kwa mtoto. Hali isipotulia, irudiwe baada ya dakika 5 hadi 15. Haidrokotisoni na klorofeniramini zisitangulie. Hazifungui koo linaloziba wala hazipandishi shinikizo la damu lililoshuka. Mgonjwa aliyepata nafuu abaki chini ya uangalizi, kwani dalili zaweza kurejea saa kadhaa baadaye bila yeye kula chochote tena. Asiruhusiwe kwa sababu tu basi lake linapiga honi nje.